Zoraide na Sauti ya Kutokea

Sauti ya Zoraide ilikatika Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, katikati ya mazoezi, mara tu baada ya kuita, "Mvua inakuja!"

Manju wa kuadrilha, ile ngoma ya jozi yenye mchezo wa harusi ndani yake, akisema mvua inakuja, jozi zote hugeuka na kurudi zilikotoka, wanaume wakiwafunika wanawake kwa kofia zao za majani. Halafu manju husema, "Uongo!" na jozi hugeuka tena, safari ikaendelea. Siku hiyo mvua ilikuja lakini uongo haukutoka. Zoraide alifungua kinywa, mishipa ya shingo ikamtutumka, kikatoka kitu kama mlio wa mlango wa kabati uliokosa mafuta. Jozi za mbele zikasimama kumsubiri, za nyuma zikazidi kurudi, na yule kijana anayecheza bwana harusi akakanyagwa mpaka kiatu kikamtoka.

Watu wakacheka wee. Kicheko kilipoisha, kila mtu akatafuta pa kutazama, ilimradi pasiwe usoni pa Zoraide.

Kikundi chao kinaitwa Ua la Umbu, kwa jina la tunda la kwao, na katika mtaa wao mjini Campina Grande hakuna aliyekumbuka vizuri nani alikuwa manju kabla yake. Miaka ishirini na tisa aliwaita watu ndani ya ngoma na kuwatoa, kila Juni, Mtakatifu Yohana akija na mahindi yake na mioto yake. Juni hii ingekuwa ya thelathini. Mchana alikuwa mpishi wa shule ya msingi, watoto mia mbili na ishirini, masufuria yanagongana, na huko nako hakuna aliyemsikia mwenzake pasipo kupaza sauti. Sasa ilikuwa miezi miwili sauti inaamka vizuri asubuhi, ikifika saa tisa imeshalala.

Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Valfrido mwoka mikate, alimwendea nyumbani Jumapili na keki ya mahindi mkononi, na Zoraide alipoiona ile keki alijua kuna neno. Mzee alizungukazunguka sana, akasifu mapazia, akauliza hali ya paka. Mwishowe akasema kamati imeamua. Aende kwenye kliniki ya chuo, kwa watu wanaopima sauti. Akirudi na karatasi kwamba sauti yake ni nzima, mashindano ya mtaa mwezi Juni ni yake. Akikosa karatasi, atakayeita ni Creusa.

Huyo Creusa ni wifi yake, dada wa mumewe Genival. Anazijua ita zote, yale maneno manju anayowaitia wachezaji, kwa moyo, na kwa miaka kumi na tisa amesimama pembeni ya ngoma kama mtu anayengoja sufuria ya mwenzake ichemke. Jioni ileile alipita dirishani.

"Wifi, mimi sina haraka," akasema. "Nimengoja miaka kumi na tisa, hizi wiki chache zitaniua?"

"Hazitakuua," Zoraide akamjibu kwa kile kisauti kilichobaki. "Ila usianze kushona gauni."

Miadi ilikuwa Alhamisi. Zoraide akajiandaa kama anavyojiandaa mtu anayetembelewa na askofu. Siku nne hakutamka neno. Kule jikoni shuleni aligonga sufuria kwa mwiko: mara moja njooni, mara mbili nyamazeni, mara tatu namwita mwalimu. Watoto wakapenda sana, wakawa wanamchokoza makusudi wasikie mara tatu. Nyumbani alisukutua kwa maji ya maganda ya komamanga asubuhi na jioni, akalamba asali na tangawizi, akalala na skafu shingoni ingawa joto lilikuwa la kukaangia. Genival, ambaye ni mtu wa maneno machache na ngoma kubwa ya zabumba, alimwambia jirani kwamba siku zile ndipo alipogundua redio yao inasikika vizuri.

Alhamisi akavaa viatu vya kanisani na hereni za Krismasi, akaenda.

Dokta Iara, mtaalamu wa sauti, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele kazifunga kwa kalamu. Pembeni alikaa mwanafunzi wake, binti aliyeitwa Kaline. Kwanza yalikuja maswali. Sauti ilianza kuharibika lini, ghafla au pole pole? Saa ngapi inakuwa mbaya? Anavuta sigara? Anakula saa ngapi usiku, na kiungulia je? Maji anakunywa kiasi gani? Zoraide akasema glasi nane. Kweli yenyewe ni kwamba maji aliyokunywa kwa siku ni yale ya kumezea kidonge cha presha, na vikombe vya kahawa vilikuwa saba.

Halafu akapewa karatasi ndefu ya kujaza mwenyewe, maswali thelathini. Watu hupata shida kukusikia? Sauti yako inakufanya ukwepe watu? Kila swali lilitaka namba, sifuri kama haijawahi kutokea, mpaka nne kama hutokea kila mara. Zoraide aliona huu ni umbeya ulioandikwa kwa mashine. Akashuka na sifuri kutoka juu mpaka chini, bila hata kusoma zile za mwisho.

Ndipo wakaanza kumsikiliza. Alikalishwa mbele ya maikrofoni, akaambiwa avute pumzi na aseme "aaa" mpaka pumzi imwishie. Alikwenda sekunde kumi na saba, akiikazia saa ya Kaline macho kama mtu anayetazama farasi aliyemwekea dau. Akaambiwa aseme "sss" kwa pumzi moja, halafu "zzz" kwa pumzi moja. Akahesabu moja mpaka kumi. Akapandisha sauti kutoka chini mpaka juu kama king'ora na kuishusha tena. Akasoma sentensi sita. Zote alizitoa kwa sauti tamu, laini, ya kuombea mkopo. Kompyuta ikachora mistari, Dokta Iara akafumba macho kidogo, akasikiliza, akaandika.

Mwisho akaombwa azungumze tu, lolote. Zoraide hana lolote, ana vitendawili. Akawategea hiki:

"Nyumba yangu ina mlango mmoja na walinzi thelathini na wawili. Mwenye nyumba hajawahi kuonekana, ila majirani wote wanamjua."

Kaline akajaribu mzinga wa nyuki, akajaribu gereza. Dokta Iara akafumbua macho. "Sauti," akasema. "Walinzi ni meno."

"Mwanangu, wewe umelelewa na bibi," Zoraide akamwambia, akajua ameshapita.

Daktari akatoka kwenda kutafuta kadi ya miadi, Kaline akawa anahangaika na nyaya. Karatasi ilibaki mezani. Zoraide hakuwa mwizi wa siri za watu, lakini karatasi yenye jina lako hata ikiwa juu chini unaisoma. Palikuwa na visanduku vitano. Ukubwa wa tatizo, moja. Kukwaruza, moja. Kuvuja kwa pumzi, sifuri. Unyonge, sifuri. Kujikaza, sifuri. Maandishi ya daktari hakuyaelewa yote kwa mkao ule, namba alizielewa. Pembeni paliandikwa kwamba alama ya juu kabisa ni tatu.

Sasa lazima ukumbuke mtu huyu ametoka wapi. Mtu wa kuadrilha tangu utoto wake amepewa alama. Waamuzi watano wanakaa mezani, wanapima mavazi, mwendo, muziki, na manju peke yake ana kisanduku chake. Kumi ni kumi, tisa na nusu ni msiba, na sifuri hajawahi kupewa mtu, hata wale wa mtaa wa chini waliosahau kumleta bibi harusi. Zoraide alitazama zile sifuri tatu, masikio yakamwaka moto.

Dokta Iara aliporudi alisema hawezi kumpa karatasi leo. Kuna kitu hakikai sawa, akasema: hadithi aliyoisikia na sauti aliyoisikia hazifanani. Akataka aje tena baada ya wiki mbili, atakuwepo Dokta Anselmo mwenye kamera ya kuchungulia koo. Na siku hiyo asijiandae. Aje moja kwa moja kutoka kazini, kama alivyo.

Zoraide akaitikia kwa adabu. Moyoni alielewa hivi: umefeli, mama, utarudia mtihani.

Genival alimkuta jikoni anakata vitunguu kwa hasira, akauliza wamesema nini.

"Wamenipa sifuri."

"Sifuri ya nini?"

"Ya nguvu sifuri, ya pumzi sifuri. Miaka ishirini na tisa, Genival. Tumewatoa jasho waamuzi wa mkoa mzima, leo kabinti kenye kalamu kichwani kananipa sifuri."

Genival akafikiri sana. Akasema labda daktari ni mtu wa mji mkuu kule pwani, huko kuadrilha wanaiona kwenye televisheni tu. Zoraide akasema huenda. Na yeye kosa lake, akaendelea, ni kwamba aliimba kama yuko ukumbini kwa mashemasi. Hakuwaonyesha. Mara hii atawaonyesha.

Kwa hiyo wiki zile mbili alifanya kinyume cha zile siku nne. Mwiko ukarudi kwenye sufuria, naye akaita kwa mdomo. Mazoezini, ambako Creusa alikuwa ameanza kumshikia nafasi, alimnyang'anya na kuita mwenyewe, sauti ikikatika anaisukuma kwa tumbo, inatoka. Creusa akawa anamtazama tu, na safari hii hakumtania, jambo lililomuudhi Zoraide kuliko kutaniwa. Komamanga hakuligusa. Alhamisi ya pili akawapakulia watoto mia mbili na ishirini kuskuzi ya mahindi na kuku, akawagombeza wote kwa majina, akanywa kahawa ya tatu akiwa amesimama, akaenda kliniki na aproni.

Alipoambiwa aseme "aaa" alivuta hewa ya chumba chote. Sauti ikatoka na mchanga ndani yake, ikatetemeka, ikakatika, ikarudi, ikafia kwenye sekunde ya nane. Hakujali. Alipoambiwa azungumze lolote, alisimama, akarudisha kiti nyuma, akashika kiuno.

"Jozi mahali pake! Tazama njia! Mvua inakuja!"

Mlango ulikuwa wazi nusu. Kule kwenye korido mzee mmoja aliyekuwa akienda maabara na kichupa chake, naye ni mtu wa Campina Grande, aligeuka papo hapo na kurudi alikotoka. "Uongo!" akasema Zoraide, kwa sauti iliyopasuka vipande viwili, na mzee akageuka tena, akaendelea na safari yake ya maabara.

Alipokaa alikuwa anahema, jasho linamtoka, ana furaha.

Dokta Iara akainuka. Alimwita mwenzake wa chumba cha pili, mtu ambaye hakuwa amemwona Zoraide, akamwekea ile rekodi tu. Kila mmoja wa wale watatu aliandika kwenye karatasi yake bila kumchungulia jirani, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya wao, sikio la mmoja lisije likalivuta la mwingine. Halafu wakaweka karatasi pamoja. Kwenye kukwaruza Kaline alitoa tatu. Yule mwenzake alitoa moja na nusu, akaambiwa nusu hakuna, akacheka, akakiri kwamba bibi yake mzaa mama anazungumza hivyohivyo na amefika miaka tisini. Wakasikiliza tena, na tena, wakakubaliana mbili. Kujikaza, tatu, hapo hawakubishana. Kuvuja kwa pumzi, mbili. Ukubwa wa tatizo kwa jumla, mbili. Unyonge wakampa sifuri, na mwenzao akasema mwenye kumpa huyu mama unyonge bado hajazaliwa.

Zoraide alikuwa amenyoosha shingo kama twiga. Akaziona zote.

"Sasa mnaona," akasema, sauti imekwaruza mpaka mwisho. "Nikiamua, naweza. Ile sifuri moja nimewaachia."

Dokta Iara akauliza taratibu, anaamua nini?

Akaeleza yote. Visanduku alivyovisoma juu chini, aibu aliyoipata, wiki mbili za kujinoa. Kadiri alivyoeleza, Kaline aliinamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake, mabega yanamcheza. Dokta Iara alijitahidi kukaza uso ukamshinda. Alicheka mpaka akachomoa kalamu nywelani. Kisha akasogeza kiti chake, akakaa karibu, magoti yanakaribia kugusana.

"Bi Zoraide, hapa namba kubwa ni ugonjwa mkubwa."

Zoraide akamtazama. "Kwa hiyo zile sifuri…"

"Zilikuwa sifa."

"Na hii tatu?"

"Hii tatu ndiyo iliyokuleta. Wiki ile uliniletea sauti ya kutokea, mama yangu, imepigwa pasi. Leo umeniletea ya jikoni. Mimi natibu ile ya jikoni, na nilikuwa sijaisikia."

Zoraide alitamani kucheka na wao, na alicheka kidogo, lakini hesabu nyingine ilikuwa ikimpita kichwani. Kama tatu ni ugonjwa, karatasi ya Mzee Valfrido imekwenda na maji.

Dokta Anselmo alikuwa mtu mnene mwenye mikono myepesi. Alimtia dawa ya ganzi puani, akapitisha kijiwaya chembamba chenye taa, akamwambia atazame televisheni ukutani. Pale Zoraide akaona kitu ambacho alikuwa amekitumia miaka sitini na moja bila kukutana nacho: nyuzi mbili za sauti, fupi, nyeupe, zimekaa kama pacha kitandani. Aliposema "iii" zilikimbiliana. Hazikufikiana vizuri. Katikati ya kila moja kulikuwa na kinundu, kimoja kinatazamana na kingine, na juu na chini yake pumzi ilikuwa ikivuja.

Daktari akasema hicho si kitu cha kuogopesha. Ni sugu, kama zile za kiganja cha mpishi, zimeota kwa kugongana. Kwa mazoezi na kupumzika huwa zinapungua, kisu hakihitajiki. Zoraide alivitazama vile vinundu mpaka waya ulipotolewa. Alikuwa anajua kila kimoja kimetoka wapi.

Akarudishiwa yale maswali thelathini, ajaze upya. Safari hii alivaa miwani. Kuna swali liliuliza kama sauti yake inamfanya ajione amepungukiwa. Kaline alikuwa anajifanya anapanga nyaya. Zoraide alikaa na swali hilo muda mrefu kuliko alivyokaa na "aaa", kisha akaandika nne.

Dokta Iara hakumwandikia karatasi ya uzima. Alimwandikia ya kweli: asiite mazoezini hata mara moja, asipaze sauti jikoni, aje kila Jumanne kwa mazoezi, na wiki ya mashindano apimwe tena ndipo aambiwe. Zoraide akauliza kama anaweza kutumaini. Akaambiwa anaweza kunywa maji.

Jumamosi alisimama mbele ya kikundi na kuwategea kitendawili kwa sauti ya kawaida, hata ikabidi wasogee: "Alama gani ukipewa ndogo unashangilia, ukipewa kubwa unalazwa?" Wengine wakasema homa, mwingine akasema presha. Akawaambia ni sauti, akawapa hadithi yote na yule mzee wa kichupa ndani yake. Walicheka mpaka mpiga kodiani akashusha kodiani chini. Ndani ya kicheko hichohicho akampa Creusa filimbi ya manju.

"Shika, wifi. Mpaka watakaponipima tena."

Creusa aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa shingoni.

Wiki sita zilikuwa ndefu. Zoraide alipuliza mrija kwenye glasi ya maji akitoa "uuu", mapovu yanapanda, dakika tatu asubuhi, tatu mchana, tatu jioni. Alitetemesha midomo "brrr" bafuni, mpaka Genival akauliza kama farasi atalala humohumo. Kahawa ikashuka mpaka vikombe viwili, na siku za kwanza kichwa kilimuuma hadi akamtukana paka. Jikoni mwiko ukarudi kuwa mnenaji. Lililomshinda zaidi lilikuwa Jumamosi, kukaa kwenye kigoda na kumsikiliza Creusa akiita. Creusa aliita vizuri. Alichelewa kidogo kwenye mageuzo, alikuwa anavuta pumzi mahali pasipo pake, lakini aliita vizuri, na hilo lilikuwa gumu kumeza kuliko komamanga.

Jumamosi ya tatu Creusa alikuja kwenye kigoda, akainama kama anayefunga kiatu. Akauliza, bila kumtazama, kwamba pale jozi zinapopita chini ya handaki la mikono, kati ya ita ya nne na ya tano, pumzi mtu huichukua wapi.

Zoraide angeweza kunyamaza, tena kwa ruhusa ya daktari. "Ichukue kabla zabumba haijagonga," akasema. "Ukingoja igonge, umechelewa."

Wiki ya mashindano akapimwa. "Aaa" ilikwenda sekunde kumi na tatu, ina mchanga kidogo mwanzoni, halafu ikatulia. Wakaandika kila mtu peke yake, wakaweka pamoja. Ukubwa wa tatizo moja, kukwaruza moja, kuvuja moja, kujikaza sifuri. Zoraide aliitazama ile sifuri kwa heshima. Kamera ikaonyesha vinundu vimekonda, havijaondoka.

Dokta Iara akamwambia wazi. Sauti hii ni ya kwenda sokoni na kurudi, si ya safari. Dakika kumi, na maikrofoni, bila kushindana na muziki. Dakika ya kumi na moja asingependa kuisikia.

Kuadrilha nzima ni dakika ishirini na tano.

Usiku huo walikaa meza moja, yeye na Creusa, Genival katikati kama mpaka wa nchi mbili. Mzee Valfrido alikuwa ameshasema wagawane wenyewe. Creusa, akiwa na heshima mpya iliyomkaa kama nguo ya kuazima, alisema wifi achukue ufunguzi, ndipo watu wamwone. Au achukue mwisho, ndipo waamuzi wanapoandika. Zoraide akasema atachukua katikati.

"Katikati hakuna makofi," Creusa akasema.

"Katikati ndiko wanakopotea."

Jumapili, saa kumi alasiri, uwanja wa shule ulikuwa umefungwa bendera za karatasi, moshi wa mahindi unapita juu ya vichwa. Creusa akafungua, gauni lake la njano limeshonwa upya, na Zoraide aliyaona makofi yakimwangukia mwenzake kama mvua ya kweli. Ikafika zamu yake. Akasogeza maikrofoni karibu na midomo na kuita kama anayemwita mtu mmoja aliye chumba cha pili. Mwanzoni watu hawakumsikia vizuri, wakanyamazishana ili wamsikie, na uwanja mzima ukatulia kwa namna ambayo miaka ishirini na tisa ya kupaza haikuwahi kuutuliza. Jozi thelathini zikaingia kwenye kona ngumu, zikazungukana na kutoka salama, kila mkono na mkono wake.

Genival alikuwa na saa kando ya zabumba. Alipoinua fimbo mara mbili, dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Zilibaki ita mbili kabla duara halijafungwa, na mwili wote wa Zoraide ulijua ita hizo ni zipi. Akampa Creusa maikrofoni.

Mwisho wa safu palikuwa na bwana aliyebaki peke yake, mwenziwe amechubuka kisigino. Zoraide akamshika mkono, akaingia ngomani. Hakuwa amecheza kuadrilha tangu alipokuwa binti, na miguu ilishangaa. Walipofika kwenye geuzo la mwisho, Creusa akachelewa. Kidogo tu, pigo moja, lakini safu ya mbele ikayumba, na macho ya wale vijana yote yakakimbilia kwa Zoraide, yakingoja.

Neno lilipanda. Alilisikia likipita kifuani, likafika kooni, likagonga pale penye vile vinundu viwili. Akafumba mdomo. Akamzungusha bwana yule kwa nguvu, yeye mwenyewe, upande uliokuwa sahihi, sketi ikafunguka. Jozi iliyofuata ikamwona ikageuka, na iliyofuata, na iliyofuata, na Creusa akaita ita yake juu ya ngoma iliyokwisha kugeuka.